Tupeane uzoefu: kula na kutembea ng'ambo, na panapoharibika paharibikia wapi

Bi Mkunguni
Assalam alaykum watu wa Amu (Lamu), na wenzetu wa Malindi. Likizo ya Agosti hiyo inaingia na watu wameshaanza kuulizana tiketi. Kila mwaka ni yale yale: mtu anakwenda Istanbul siku chache, anarudi na tumbo limevurugika, na kasri la Topkapi hakuingia kwa sababu alifika Jumanne. Topkapi hufungwa Jumanne. Soko Kuu lenye paa hufungwa Jumapili. Mambo kama hayo ndiyo tuyaweke hapa, yenye saa na bei na namna. Msije na "kuzuri mno, mwende". Semeni mtu ale nini, aache nini, aone nini saa ngapi.

Naanza na msikiti wa Ayasofya (Hagia Sophia), maana wengi wetu huingoja kwa hamu. Anayekwenda kuswali huingia chini kwa mlango wa waumini na halipi kitu. Anayekwenda kutazama michoro ya ghorofani ana mlango mwingine na tiketi ya euro 25, utaratibu ulioanza Januari 2024. Amua kabla hujasimama kwenye foleni. Msikiti wa Buluu ulio mkabala ni bure kwa wote, ila mtazamaji husubiri nje wakati wa swala, na Ijumaa asubuhi asijisumbue.

Kijana wa Langoni
Umenikumbusha samaki wa Eminönü, mtaa wa bandarini pale Istanbul! Watu hutoka huku wakidhani watakula samaki aliyetoka majini leo kwa vile mtaa mzima unanuka moshi wa samaki na maji ya bahari yako pale pale chini ya daraja. Ule mkate wa samaki, balık ekmek, mara nyingi ni jamii ya kibua aliyeletwa kwa barafu kutoka Norway. Si mbaya. Kamulia limau, tia kitunguu, na tafuna polepole kwa sababu miba midogo hubaki. Lakini usimlipie bei ya samaki mpya.

Jua hili pia: Uturuki mashua za nyavu kubwa haziruhusiwi kuvua tangu 15 Aprili hadi 31 Agosti. Anayekwenda Agosti akikaa mezani akaambiwa "samaki wa leo", aghalabu ni wa kufugwa, çipura au levrek. Wanaliwa, ila mtu wa Amu atawaona wana mafuta mengi na nyama laini isiyo na ladha ya mwani. Agosti kula nyama na mboga zao. Samaki wao ngoja Septemba kuendelea: palamut, jamii ya jodari, kwanza, kisha dagaa wao wa hamsi baridi ikishika.

Casuarina
Kweli tupu kuhusu Agosti.

Kijana wa Langoni
Na wale kome wenye wali ndani, midye dolma, wanaouzwa barabarani kwa sinia. Mchuuzi hufungua kombe moja, anakamulia limau, unakula umesimama, anafungua jingine, na hesabu ni ya makombe matupu. Mwambie mapema unataka mangapi, la sivyo atakulisha mpaka useme basi. Mchana wa jua usile kabisa. Kome huchuja maji ya bahari, kila uchafu wa maji unakaa ndani yake, na wali uliokaa vuguvugu masaa matano ni shamba la vijidudu. Kula usiku, duka lenye watu na lenye jokofu.

Mzee wa Mambrui
Shekhe, waambie pia kwamba wenyeji wenyewe wako wasiowala, kwani wao ni Hanafi.

Kijana wa Langoni
Sisi ni Shafii, ami. Cha bahari chote kwetu halali.

Mzee wa Mambrui
Sikusema haramu kwako. Nasema ukialikwa nyumbani kwa Mturuki usiende na kome ukadhani umempelekea zawadi. Kujua madhehebu ya mwenyeji ni katika adabu za safari.

Kijana wa Langoni
Hapo sina neno. Shikamoo.

Mpishi wa Barani
Sisi wa Malindi tunajidai tunaijua Italia kwa sababu pizza na aiskrimu tumekua nazo. Ukifika kule unagundua kwamba saa ndizo zinazokunyima chakula. Jiko la mchana hufunguliwa kama saa sita na nusu, hufungwa saa nane na nusu. La usiku halianzi kabla ya saa moja na nusu. Ukitoka Colosseum saa kumi na njaa utakula kipande cha mkate mkavu kwenye mtaa wa watalii, kwa bei ya chakula kizima. Kwa hiyo panga hivi: tazama asubuhi, kula saa saba, lala, toka tena jua likipungua.

Kahawa: bei ya kusimama kaunta na bei ya kukaa mezani si moja. Kunywa umesimama kama wao, haizidi dakika mbili. Kahawa ya maziwa ni ya asubuhi; ukiagiza baada ya chakula cha mchana utapewa, lakini watakutazama.

Kwenye hesabu utaona coperto. Hujaibiwa. Ni ada ya kukaa, ya kila kichwa, na lazima iandikwe kwenye orodha ya bei. Isome kabla hujavuta kiti.

Sasa kwa Muislamu. Carbonara na amatriciana za Roma zina guanciale, shavu la nguruwe, na hata ukisema "bila nyama" mafuta yake yamo kwenye kikaango. Agiza cacio e pepe: jibini ya pecorino, pilipili manga, maji ya tambi, basi. Pizza agiza margherita au marinara. Marinara ni nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni, haina hata jibini. Mkate wa piadina wa kule Romagna uliza kama una strutto, hayo ni mafuta ya nguruwe. Babà ya Napoli imelowekwa kwenye ramu, na tiramisu mara nyingi ina pombe. Panna cotta hugandishwa kwa jelatini. Usione haya kuuliza, wao wenyewe hupenda kueleza chakula chao.

Na pizza ya Napoli isikushangaze ikija laini katikati. Tanuri lao lina joto la kama nyuzi 450 na pizza hukaa sekunde 60 hadi 90 tu, basi kingo huvimba na kuchomeka madoadoa na kati hubaki na maji maji. Mtu wa kwetu huirudisha akisema haijaiva. Imeiva. Ikunje iwe tabaka nne uile kwa mkono.

BintiBarani
Mpishi umeacha treni. Tiketi ya karatasi ya treni za mikoani lazima igongwe muhuri kwenye kile kimashine kabla ya kupanda. Unaweza kuwa umelipa na bado ukapigwa faini, kwa sababu tiketi isiyogongwa unaweza kuitumia tena kesho. Na tiketi ya Colosseum ina jina, beba pasipoti. Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa ya mwisho wa mwezi, ambayo ni bure na foleni yake huzunguka ukuta. Maji usinunue: Roma ina mabomba ya chuma barabarani yanayotiririka mchana kutwa, safi ya kunywa. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yatarukia juu kwenye tundu dogo unywe bila kuinama.

Forodhani Damu
Mbona hamtaji Unguja? Urojo, miwa, mishikaki, yote usiku mmoja pale Forodhani.

Casuarina
Unguja si ng'ambo ndugu yangu. Huko ni kwa shangazi.

Forodhani Damu
Pasipoti inagongwa, pesa si zetu, miraa ukikutwa nayo unafungwa. Ng'ambo ni nini zaidi ya hapo?

Casuarina
Ng'ambo ni pale unaposalimia mtu asiitikie.

Bi Mkunguni
Wekeni habari jamani. Forodhani Damu, endelea, na hilo la miraa limekuja mahali pake: Tanzania ni marufuku, Omani na Emirati marufuku, Uingereza tangu 2014. Kagueni mifuko ya makoti na mikoba ya kukopa. Kijani kilichokauka kwenye pindo la mfuko kinatosha kukuharibia safari.

Forodhani Damu
Basi Forodhani. Meza zinapangwa magharibi. Ile mishikaki ya pweza, ngisi na kamba unayoiona imepangwa chini ya taa imeshapikwa, anachofanya ni kuipasha moto. Isiyouzwa jana huweza kurudi leo. Dalili: kingo zimekauka na kukunjamana, mafuta yameganda, na meza haina wenyeji. Mimi naelekeza watu kwenye vitu vinavyotengenezwa mbele ya macho: urojo, ile pizza yao ya kukunja kwenye kikaango, juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Bei uliza kabla kitu hakijawekwa kwenye sahani, kimoja kimoja. Ukisema "nichanganyie" umeshakwisha.

Nahodha wa Matondoni
Kwa vile mmefika kwenye samaki wa kupashwa moto, nisikilizeni, maana hili watu wa pwani ndio hulipuuza zaidi, kwa kudhani samaki tunamjua.

Mko wanne mezani, mkahawa wa ufukweni, nchi yoyote ya joto. Kinaletwa kipande kinene cha jodari, kimechomwa vizuri, hakinuki. Wa kwanza kula anasema kina ukali ulimini, kama pilipili manga. Wenzake wanasema ndivyo kilivyoungwa. Hazipiti dakika ishirini uso unamuwaka moto, shingo na kifua vinamwasha, kichwa kinapiga kama ngoma, moyo unakwenda mbio. Wa pili anaanza kutapika. Wa tatu anaharisha. Wa nne, aliyekula kuku, anakimbia huku na huku akiita teksi katika lugha asiyoijua, na watu wa mkahawa wanasema wageni wana mzio wa samaki.

Si mzio. Jodari, kibua, nguru, fulusi, hawa nyama yao ina kitu ambacho vijidudu hukigeuza kuwa histamini samaki akikaa kwenye joto. Masaa machache juu ya sitaha bila barafu yatosha. Na histamini ikishaingia kwenye nyama haitoki. Moto hauiui. Friji haiiui. Samaki anaweza kuonekana mpya kabisa, maana baada ya kukaa juani alitiwa kwenye barafu akakaza tena.

Casuarina
Subhanallah.

Mama wa Shela
Ndiyo maana bibi zetu humkamulia jodari limau jingi na kumwacha kidogo. Limau huua sumu hiyo.

Nahodha wa Matondoni
Hapana mama. Limau huondoa vumba tu. Kwa kuondoa vumba linakuficha ile dalili moja ambayo ungeweza kuinusa.

Mama wa Shela
Watu wamekula hivyo miaka na miaka Shela, na hawajafa.

Nahodha wa Matondoni
Kwa sababu jodari wa Shela ametoka majini asubuhi na ameliwa mchana. Kilichowalinda ni upya wa samaki, mama. Ukienda nao ule upishi wa limau kwenye mji ambao samaki amesafiri siku mbili kwa lori, hautakulinda.

Fundi Jahazi
Nahodha yuko sawa. Na ule ukali wa ulimini ndio onyo. Ukiusikia, tema, usimeze kwa kuona haya.

BintiBarani
Akishakula afanye nini?

Nahodha wa Matondoni
Aache kula, anywe maji. Dawa ya mzio ya kawaida kama setirizini husaidia, kwa vile inazuia histamini ile ile. Wengi hupata nafuu siku hiyo hiyo. Ila pumzi ikibana, au ulimi ukivimba, au akizimia, ni hospitali mara moja, msikae kungoja. Na mtu huyo baada ya kupona akila jodari mpya hadhuriki, ndipo utakapojua haukuwa mzio.

Kuna sumu nyingine, mbaya kuliko hiyo, nayo ni ya samaki wa mwambani waliokua wakawa wakubwa: chewa, mzia na jamaa zao. Mauritius, Pasifiki na Karibiani wanaijua sana. Samaki wadogo hula mimea midogo ya mwambani yenye sumu, wakubwa huwala wadogo, na sumu hujilimbikiza. Huyo hata akipikwa akitoka majini ana sumu. Mtu aliyeipata hugusa maji baridi akahisi anaungua, midomo na vidole hufa ganzi, na hali hiyo huweza kudumu wiki au miezi. Kule kama wenyeji hawali chewa mkubwa wa upande fulani, nawe usile.

Kijana wa Langoni
Nilikuwa nimeshapanga Mauritius. Sasa nakula kuku.

Fundi Jahazi
Kula samaki mdogo wa kutosha sahani moja. Chewa wa kukatwa mapande kwa watu kumi ndiye wa kuogopa.

Mama wa Shela
Nimekubali neno la limau. Lakini mkiharisha huko, msikimbilie vidonge vya kuzuia. Maji safi lita moja, sukari vijiko vidogo sita vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko kidogo. Pima sawasawa: chumvi ikizidi inamdhuru mtoto. Anywe kidogo kidogo, akitapika angojwe dakika kumi, aanze tena. Damu ikionekana kwenye choo, au homa kali, daktari.

Bi Mkunguni
Ahsante mama. Sasa samaki tumuache kidogo, kuna watu wameniuliza India.

BintiBarani
India niachieni mimi. Hakuna dakika mbaya kama ile ya kusimama mbele ya dawati la afya uwanja wa ndege, nyuma yako familia nzima imechoka, na afisa anairudisha kadi yako ya manjano akisema haifai. Wengi huku hudhani viza ndiyo kila kitu. Kenya iko kwenye orodha ya nchi za homa ya manjano, basi India inataka cheti cha chanjo, na asiyekuwa nacho huweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Siku sita! Hoteli ya Kochi kule Kerala imeshalipiwa, mashua ya Alappuzha imeshalipiwa, na wewe uko chumba cha kungojea unatazama dari. Watu wazima hulia pale. Mke anaachiliwa, mume anabakishwa, kwa sababu mke alichanjwa zamani na mume alichanjwa wiki ya safari.

Kwa nini huharibika: cheti huanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya sindano. Ukichanjwa Jumatatu ukasafiri Jumatatu ya pili, siku hazijatimia, na afisa anajua kuhesabu. Sababu ya pili, jina kwenye kadi limeandikwa la nyumbani na pasipoti ina la babu. Ya tatu, muhuri wa kituo haupo au mchanjaji hakutia sahihi. Ya nne, ambayo naisema kwa uchungu, kadi za kununua bila sindano. Huo ni ughushi, na ugonjwa wenyewe hauna tiba. Kupitia Dubai hakukusaidii, wanatazama ulikuwa wapi siku 6 zilizopita.

Ukichanjwa mara moja imekwisha: tangu 11 Julai 2016 cheti ni cha maisha, hata kama kadi ya zamani imeandikwa miaka 10. Piga picha kadi, nakala iwe kwenye simu, lakini beba ile yenyewe.

Casuarina
Thailand na Omani nao huiulizia. Ishike pamoja na pasipoti, usiipakie kwenye sanduku.

Mzee wa Mambrui
Kwa watu wa Malindi, Kerala ina utamu wake wa pekee. Nguzo ya Vasco da Gama mnaipita kila siku. Alitua kwetu Aprili 1498, akapewa rubani, na Mei akafika karibu na Kozhikode. Alifia Kochi Desemba 1524, akazikwa kanisa la Mtakatifu Fransisko pale Fort Kochi, na mifupa ikahamishiwa Ureno baadaye. Jiwe la kaburi bado lipo. Ukisimama pale umeuona mwisho wa njia ambayo kituo chake kimoja ni nyumbani kwenu.

Hatua chache kutoka kanisani ziko nyavu za Kichina, zile za miti mirefu zinazoinuliwa kwa mawe ya kusawazisha uzito. Zitazame alfajiri au jioni. Pembeni wanauza samaki, na vibanda vya jirani vinakupikia ulichonunua. Mkumbukeni Nahodha hapo: tazama jicho, bonyeza nyama, fungua shavu. Na patana bei mbili tofauti, ya samaki na ya kupikiwa.

Chakula cha kutafuta ni biriani ya Malabari ya Kozhikode. Mchele wake ni kaima, punje fupi na nyembamba, usitarajie basmati. Nyama na wali hupikwa kila kimoja peke yake, kisha hupangwa tabaka na kuzibwa kwa mvuke. Viungo vyake ni vya upole kuliko vyetu. Kuna pathiri pia, mkate mwembamba wa unga wa mchele, utauona ndugu ya mikate yetu. Nyama ya ng'ombe Kerala huuzwa wazi, majimbo mengi mengine usithubutu kuiulizia.

Mvua kubwa huanza Juni. Oktoba hadi Machi ndio wakati. Mashua ya kulala Alappuzha hutia nanga kama saa kumi na moja na nusu jioni kuwapisha wavuvi na nyavu zao, na ile ya bei nafuu huwasha kipozahewa usiku tu, kuanzia saa tatu. Uliza hilo kabla ya kulipa.

Msafiri Barani
Misri: ngamia wa Giza, pale penye mapiramidi. Bei ya kupanda ni moja, ya kushuka ni nyingine, msipoandikiana mapema. Mwambie "kwenda, kurudi na kushuka", lipa ukiwa chini.

Kijana wa Langoni
Na koshari! Wali, dengu, makaroni, choroko za Kiarabu, kitunguu cha kukaangwa juu. Mimina ile siki ya kitunguu saumu kwanza, pilipili ya shatta iweke tone tone. Ni chakula cha moto cha kupakuliwa mbele yako, salama kuliko sinia za hoteli.

Mzee wa Mambrui
Yale si choroko mwanangu, ni njegere.

Kijana wa Langoni
Ni njegere kavu zile kubwa, Waingereza huziita chickpeas, ami, tunazotia kwenye bajia. Tumeelewana.

Casuarina
Bangkok, la haraka: mtu nadhifu akikusimamisha nje ya Kasri Kuu akakuambia leo limefungwa, usimwamini, nenda mpaka langoni ukaone. Anataka kukupakia tuktuk ya bei ya chini ikupeleke duka la vito. Kasri hufunguliwa asubuhi saa mbili na nusu. Kaptura na mabega wazi hawaingizi.

Mama wa Shela
Penang ya Malaysia, nasi kandar (wali wa michuzi) za Waislamu wa Kihindi. Onyesha kwa kidole mchuzi mmoja mmoja, ukisema "banjir" atakumwagia yote ifurike. Uliza bei ya ngisi na kamba wakubwa kabla. Hao ndio wanaopandisha hesabu.

Fundi Jahazi
Naona Omani imebaki, na ndiyo ya karibu na sisi kwa ladha. Utasikia Kiswahili sokoni Mutrah, pale Muscat. Soko lenyewe hupumzika adhuhuri mpaka alasiri, na asubuhi ya Ijumaa milango mingi imefungwa, kwa hiyo nenda jioni. Pesa zao jihadharini: riali moja ni dola 2.6, na ina baisa 1000. Noti ya baisa 500 ni nusu riali. Wageni huona namba kubwa wakaitoa kama sadaka ya kahawa.

Shuwa ndiyo nyama ya kutafuta. Hupakwa viungo, hufungwa kwa majani ya migomba au mitende, huzikwa kwenye shimo la makaa siku nzima hadi mbili. Ni ya sikukuu. Ya mikahawani siku za kawaida ipo, lakini uliza kama imetoka shimoni au jikoni. Halua yao ina zafarani na maji ya waridi zaidi, na samli inaonekana. Ya kwetu Amu ni kavu zaidi na hukaa muda mrefu, siibadilishi. Onjeni zote mbili mkiwa mmekunywa kahawa.

Nizwa nendeni Ijumaa, mfike saa kumi na mbili na nusu, saa moja. Mnada wa mbuzi hufanywa kwa kuzungusha mifugo kwenye duara na wanunuzi wanaita. Kufikia saa tatu uwanja mtupu.

Sasa mabonde. Wadi Shab iko njia ya kwenda Sur: unavushwa kwa kimashua, unatembea kama dakika 45 juu ya mawe, kisha unaogelea hadi kwenye ufa mwembamba, ndani yake pango lenye maporomoko. Kiatu kiwe cha kushika jiwe lenye maji, ndara zinaua. Simu kwenye mfuko usioingiza maji. Na jambo la uhai: mvua ya milimani hushusha mafuriko bondeni wakati mbingu juu yako ni buluu. Maji yakigeuka rangi ya tope, yakaanza kuleta vijiti, au ukasikia ngurumo isiyoisha juu ya bonde, panda ukingoni saa hiyo hiyo. Usirudie begi. Gari usilivushe kwenye maji yanayokwenda. Kama kuna tangazo la mvua popote katika milima ya Hajar, siku hiyo kaa mjini ule mishikaki.

Nahodha wa Matondoni
Hilo la rangi ya maji walijue na watoto.

Msafiri Barani
Muscat Agosti si moto mno? Na Salala nasikia ni kijani.

Fundi Jahazi
Muscat Agosti joto hukaribia nyuzi 40, mchana hutoki. Salala, kusini ya Omani hiyo hiyo, ni kama nchi nyingine. Kusi hii hii inayochafua bahari yetu ndiyo inayowaletea manyunyu na ukungu, kuanzia mwisho wa Juni hadi mapema Septemba. Milima inakuwa kijani, joto ni la nyuzi ishirini na kitu, madafu na ndizi ziko barabarani kama Mambrui. Lakini bahari yao wakati huo usiingie kuogelea. Nenda Mughsail utazame maji yakiruka kwenye matundu ya mwamba, simama nyuma ya vizuizi. Ubani nunueni huko huko: hojari ndio wa daraja la juu, mweupe wa kijani kidogo, unapenyeza mwanga. Ukiwa wa kahawia na vumbi, ni wa kufukizia tu.

Msafiri Barani
Katikati ya Septemba je? Shule zetu haziruhusu Agosti yote.

Fundi Jahazi
Katikati ya Septemba ukungu huwa umeanza kuinuka. Ukikosa Agosti, chukua wiki ya kwanza ya Septemba: kijani bado kipo, manyunyu yamepungua, na nyumba za kupanga zimeanza kushuka bei. Na beba sweta ya watoto, usiku mlimani kuna baridi.